Usipake Rangi Zinki

Mama alikuwa fundi wa chelezo huko Liepāja,
upande wa kaskazini, ambako mfereji huganda Januari
na spana huuma kiganja kama mbwa asiyekujua.
Kazi yake: kulala chali chini ya tumbo la meli,
kung'oa vipande vya zinki vilivyoliwa,
kufunga vipya. Vinne ubavu huu, vinne ule,
viwili jirani na rafadha.

Vikuukuu alinipa nichezee.
Vyepesi, vimetoboka-toboka,
kama jibini iliyolala na panya.
Nikamuuliza nani kavila.
"Bahari," akasema. "Ilikuja kutafuta chuma,
ikamkuta huyu mlangoni."

Shuleni, mwalimu Strautmanis alituchorea foleni ubaoni:
juu kabisa potasiamu, asiyeweza kukaa na maji chumba kimoja,
akiyaona tu, moto;
sodiamu, anayefugwa ndani ya mafuta asije akagusa hewa;
kisha magnesi, alumini, zinki,
chuma, bati, risasi, shaba,
na mkiani dhahabu, amekunja mikono,
hana shida na mtu.
"Wote hawa wana elektroni za kutoa," alisema mwalimu.
"Wanachopishana ni haraka ya kutoa."
Nikapiga mstari chini ya zinki, mwingine chini ya chuma.
Kati yao nafasi ya kidole.
Meli nzima, na wavuvi tisa, na supu yao jikoni,
walikuwa wakielea ndani ya nafasi ile.

Halafu akaja Guntis, mwanagenzi, miaka kumi na minane,
kijana wa usafi, kola imenyooka hata chini ya ovaroli.
Aliona vile vipande vya kijivu vinatia doa ubavuni,
akavipaka rangi nyekundu, sawasawa na meli.
Ilipendeza. Nahodha alimpa sigara.

Baada ya miezi kumi na minne Sigita ikapandishwa tena.
Zinki nzima! Kona kali kama siku ya kwanza.
Na pembeni yake chuma kimeota madonda,
kutu inamenyeka kama gome,
mahali pamoja kidole cha Mama kilipita hadi ndani.
Hakufoka. Aliikwaruza rangi kwa ukucha,
akamwambia Guntis, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu:
"Zinki isiyoliwa haifanyi kazi."

Ningeweza kukomea hapo.
Ningesema Mama ndiye zinki, sisi ndio chuma,
mkatikisa vichwa.
Nilijaribu, siku alipotimiza sabini,
nimesimama mbele ya keki na karatasi yangu ya hotuba.
Sikufika mstari wa tatu.
"Zinki hailipwi mshahara," alinikata.
"Mimi nililipwa, kila tarehe tano.
Na mara mbili niligoma."
Wageni wakacheka, nami nikacheka, masikio yakiniwaka.
Kisha akavua pete yake ya ndoa, akaiweka kando ya kisu.
"Tazameni. Haina hata mkwaruzo.
Mnajua kwa nini? Miaka thelathini
kila asubuhi niliiacha kwenye droo."

Hakuongeza neno. Akaomba chai.

Sasa anaishi kwangu, Rīga, ghorofa ya tano.
Ndoo sitaki ashike. Ngazi sitaki apande.
Kabati la vifaa nimelifunga, ufunguo nimeuficha kwenye unga.
Ngozi yake imekuwa nyororo; majirani wananisifu:
"Mama yako anang'aa."

Leo alfajiri nimemkuta jikoni,
amelala chali chini ya sinki, miguu nje,
nywele zina unga,
bomba linalia naye analijibu.
Nikafungua mdomo nimkataze,
na papo hapo nikamwona Guntis,
kola imenyooka, brashi inadondosha nyekundu.

"Umesimama tu?" ilitoka sauti kule chini.
"Nishikie tochi."

Nikapiga magoti, nikashika.